Maji ya Mchunga

Nyevu, mke wangu, aliniambia kwamba jioni watu huanza kufutika miguuni. Kwanza huondoka nyayo, kisha magoti, kisha mikono pamoja na chochote ilichoshika, na mwisho hubaki sauti peke yake, ikielea mahali ambapo mtu alikuwa amesimama. Aliyasema hayo kwa utulivu, kama anayemwelekeza mgeni njia ya dukani. Nilikuwa nimerudi nyumbani kutoka Wenje, nilikokuwa nikifundisha, na tulikuwa tumekaa kwenye mkeka nje ya nyumba yetu karibu na Garsen. Jua lilikuwa limeshashuka nyuma ya migomba.

"Na mimi je?" nikamuuliza. "Nimefutika mpaka wapi?"

"Wewe umebaki kifua. Shati lako ni jeupe. Ungevaa la khaki ningekuwa naongea na hewa."

Tukacheka. Ulikuwa mwaka wa hamsini na tano, mimba yake ya kwanza ilikuwa imeanza kuonekana, na wakati ule hapakuwa na jambo ambalo hatukuweza kulicheka. Sasa Nyevu hayupo. Ninaandika kwa sababu nimebaki mimi tu ninayejua jinsi alivyoiona jioni, na sitaki nami nikaondoka nayo.

Dada yangu Kache ndiye aliyekaa naye nilipokuwa Wenje. Kache hakuwa mtu wa kuficha maneno. Mtu asiyeona magharibi alimwita kuku, kwa kuwa kuku naye giza likianza kuingia hukimbilia bandani.

"Kuku wetu jana ameamkia mgomba," akaniambia siku hiyo, akipepeta mchele. "Nimesikia kwa masikio yangu. 'Shikamoo baba Mramba, za shamba?'"

"Na mgomba ulikuwa na adabu," Nyevu akasema. "Uliinamisha kichwa. Wewe tangu asubuhi hujaniamkia."

"Nikuamkie wewe, kuku? Nitakurushia punje."

Nilirudi Wenje nikiwa bado nacheka. Mwezi uliofuata nilipokuja, hakuna aliyecheka. Nyevu alikuwa ameteremka mtoni kuteka maji jua likitua. Kila mtu aliyekaa kando ya Tana anajua kwamba saa ile mamba huwa wamesogea ukingoni, na ndiyo maana watu hutekea ndani ya uzio wa miiba. Yeye aliupita uzio. Alidhani bado anakanyaga mchanga, kumbe yumo mtoni, maji yanampanda mapajani kimya kimya. Kache alimvuta kwa leso. Leso ilichanika katikati, na Nyevu akaanguka nyuma, upande wa nchi kavu.

"Sikuogopa," aliniambia baadaye. "Hilo ndilo linalonitisha. Maji yalikuwa na joto kama ya kuoga. Nilikuwa naenda tu, kama mtu aliye ndotoni."

Habari zilimfikia mama yake huko Kilelengwani. Watu wa mitumbwi hawana mzigo mwepesi kuliko maneno. Jibu lilirudi kwa njia hiyo hiyo: mpunga ukishaiva, mama atakuja. Akimkuta binti yake bado haoni jioni, atamchukua, ajifungulie kwao, akae huko mpaka mtoto aachishwe ziwa.

Wengine wangeona hiyo ni huruma ya mama, nami niliona hivyo. Lakini Nyevu alinishika mkono akasema, "Nikienda kwetu nikiwa sioni, nitakuwa kipofu wao. Watanishika mkono kwenda chooni, watanishika mkono kwenda jikoni, na hata macho yakirudi hawatauachia. Nawajua. Mtoto nitakuwa napakatishwa tu na kupokonywa. Mimi nataka nizae hapa, nimwone."

Basi hilo ndilo lililokuwa mbele yetu. Mpunga ulikuwa bado kijani.

Alikwenda zahanati na Kache. Mimi sikuwapo, lakini nimesimuliwa mara nyingi kiasi kwamba naona kama nilisimama nao kwenye foleni. Dresa, yaani mtibabu wa zahanati, alikuwa mtu wa Kipini, jina lake Shee, mwembamba, mpole, ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha kwao hasa. Sisi wa mashambani tulikuwa tumeokota Kiswahili njiani, kila mtu kwa kadiri ya mfuko wake, na tukimsikiliza Shee ilibidi tugeuze maneno kichwani. Macho aliyaita mato. Kitu kichungu kwake kilikuwa kitungu. Tulishazoea: ukisikia t mahali isipopaswa kuwa, weka ch, utaelewa.

Nyevu hakumwambia habari za macho. Foleni ilikuwa imejaa wanawake waliomjua, na dirisha lilikuwa wazi. Alisema ugonjwa wake wa pili, usio na aibu: fizi zilikuwa zinatoka damu kila akipiga mswaki.

Shee akamtazama kinywani, akamwambia, "Kila siku, bilauri moja ya maji ya matungwa."

Njiani Kache akauliza, "Amesema maji ya nini?"

"Matungwa."

"Matungwa ndiyo nini?"

Nyevu akatembea kidogo akiligeuza neno. "Ni mchunga," akasema. "Mutsunga. Ule wa shambani."

"Ule mchungu? Unywe maji yake?"

"Wewe umewahi kuona dawa tamu?"

Machungwa kwetu hayakuwa kitu cha kufikiriwa. Yalipita Garsen juu ya lori kutoka Malindi, yakavuka kivuko, yakaenda zake. Lakini mchunga uliota wenyewe katikati ya mahindi, mlangoni, hata juu ya kichuguu. Ni mboga ya majani membamba yenye utomvu mweupe, na uchungu wake ni wa kumfanya mtu afumbe jicho moja. Wapishi huuchemsha, wakamwaga maji ya kwanza, ndipo wakaupika. Hakuna aliyewahi kuyanywa maji yake mabichi.

Nyevu akayanywa. Kila asubuhi alichuma, akatwanga kwenye kinu, akakamua kwa kitambaa, akapata kikombe cha maji ya kijani kizito. Makapi hakuyatupa, maana alilelewa kutotupa. Aliyachanganya na majani ya kunde, akayapika na samli aliyoinunua kwa Maryan, mke wa Dagane, katika duka lao karibu na kivuko.

Maryan alimwona siku moja amebeba kikapu cha mchunga akamsimamisha. "Hii yote nakula wewe?"

"Nakunywa."

"Nakunywa majani? Ngamia yangu nachagua, hii nakula, hii hapana. Wewe hapana chagua?"

"Ngamia wako ana mimba?"

"Iko na mimba."

"Basi mwambie aje, nitamkamulia."

Maryan akacheka mpaka akamwongezea samli.

Nilipofika nyumbani mwisho wa mwezi jua lilikuwa limeshazama. Ilikuwa ile saa ambapo mto unakuwa mweupe kuliko mbingu, na ndege wa mpungani wanapita juu kimya, wengi, kama mtu anakunja shuka kubwa. Nyevu alikuwa amekaa kwenye mkeka. Nilijua atanitambua kwa sauti tu, kwa hiyo sikusema kitu, nilitaka kumtania. Nikasimama mbali.

"Umenyoa ndevu," akasema.

Nilikaa karibu naye, naye akaniambia alichokuwa anakiona, kimoja kimoja, kama mtu anayepanga vyombo vyake baada ya safari: ukingo wa kinu, mbuzi wa jirani, kamba ya nguo na leso iliyoshonwa katikati. Alisema jioni sasa ilikuwa kama kitambaa kilichofuliwa mara nyingi, unaona upande wa pili. Tulikaa hivyo mpaka hata mimi niliyekuwa na macho mazima sikuona tena.

Asubuhi nikaenda kumshukuru Shee. Nyevu alikuwa ameniapisha nisitaje macho, kwa hiyo nilishukuru kwa ajili ya fizi, ingawa fizi zilikuwa zimepata nafuu kidogo tu.

"Yale maji ya mchunga yamemsaidia," nikasema.

"Maji ya nini?"

"Ya mchunga. Uliyomwambia."

Shee akashika mlango. Alicheka polepole, bila sauti, mabega yakitikisika, mpaka akalazimika kuvua kofia yake. "Mwalimu, mimi nimesema matungwa. Tunda. La mviringo, rangi ya yuwa likitua. Maskini mke wako amekunywa utungu wote huo?"

Niliporudi na habari hiyo, Kache alijilaza chini kwa kucheka. Nyevu naye alicheka, lakini kwanza aligusa koo lake.

"Mwezi mzima," akasema. "Na kumbe yule mtu alisema tunda."

Baada ya hapo ilikuwa rahisi. Kama kitu kisicho sahihi kilifanya kazi namna ile, kilicho sahihi kingefanya nini? Hata shuleni tulikuwa na picha ukutani, chungwa lililokatwa nusu na bilauri iliyojaa, na mwalimu wetu alitufundisha kwamba humo mna vitamini. Mchunga haukuwa na picha. Nikangoja lori la Malindi kivukoni, nikapata kikapu cha machungwa, na nikapatana na dereva awe anatuachia mengine kwa Dagane.

Nyevu alikamua la kwanza akanywa amefumba macho yote mawili. "Ee," akasema. "Hii ndiyo dawa ya wenyewe. Mchunga uende zake."

Zile zilikuwa siku za harufu. Nyumba nzima ilinukia machungwa, mito, leso, hata vidole vya Kache. Maganda tuliyaanika ukutani yakajikunja kama masikio. Fizi za Nyevu zilipona kabisa; alipiga mswaki akaniletea mate yake kiganjani nione yalivyo meupe, jambo ambalo nililipokea kama zawadi. Ngozi yake ikang'aa. Shule ilikuwa imefungwa, nami nikawa nyumbani, na mpunga ukaanza kuinama.

Lakini jioni zilianza kurudi. Hakuniambia mara moja. Siku moja aliuliza kwa nini tunawasha moshi mapema, na hapakuwa na moshi. Siku nyingine akaniuliza nimefuaje shati hata limekuwa kama maji. Kisha nikamwona akiweka mkono ukutani, kidogo tu, kwa ncha za vidole, kama mtu anayepapasa shingo ya ng'ombe.

"Umeanza kufutika tena," akasema hatimaye. "Uko magotini."

Watu wa mitumbwi walikuwa wameshaleta salamu. Kilelengwani walikuwa wakinoa visu vya kuvunia.

Asubuhi iliyofuata nilimkuta ameketi mbele ya vikombe viwili. Kimoja kilikuwa na maji ya machungwa, cha pili kijani. Kache alikuwa amechuchumaa upande wa pili, mikono mashavuni.

"Ni hiki," Kache akasema, akionyesha cha machungwa. "Dresa mwenyewe kasema. Hata ukiangalia tu. Hiki kinacheka, kile kimenuna."

"Fizi zimepona kwa chungwa," Nyevu akasema. "Sikatai. Mchunga ulizipunguza damu tu, haukuzimaliza. Sasa macho. Macho yalipona nikinywa nini?"

"Labda yalipona yenyewe."

"Na yameharibika yenyewe siku nilipoacha?"

Nikasema nilivyofundishwa, kwamba matunda yana vitamini nyingi.

"Shuleni walikufundisha mchunga?"

"Hapana."

"Walisema hauna kitu?"

"Hawakuutaja."

"Basi hawakuukataa." Akavitazama vikombe tena, kwa muda mrefu, kama ndugu wawili anaotakiwa kusema yupi mkubwa. "Nilimficha dresa," akasema. "Alinipa dawa ya fizi kwa sababu nilimpelekea fizi. Kama ningempelekea macho angesema nini?"

"Kwenye foleni?" Kache akauliza. "Wote wakisikia? Watakuita kuku mpaka mjukuu wako azaliwe."

"Wewe umeniita na sikufa."

Tulikwenda sote watatu. Foleni ilikuwa ndefu hadi nje ya kivuli. Zamu yake ilipofika, Nyevu hakuinama dirishani kama wengine. Alisimama wima, tumbo mbele, akasema kwa sauti ya mtu anayeita mtumbwi, "Mimi sioni jioni. Jua likishuka, watu wananipotea."

Kache aliangalia chini. Kisha mwanamke mmoja nyuma yetu, mwenye mtoto mgongoni, akasema taratibu, "Hata mimi." Na mwingine, mama mtu mzima, akasema alidhani ni uzee.

Shee alitoka nje kabisa. Alimwinua Nyevu kidevu kuelekea mwangaza. "Mato," akasema. "Na hukunambia."

"Nilikuwa na haya."

"Ulipokunywa ule mtunga, yalikuwaye?"

"Yalirudi. Nikaacha, yakaondoka."

Akakaa kwenye ngazi ya zahanati, kofia magotini, akifikiri. Mafuta ya ini la samaki, ambayo angempa, yalikuwa yamekwisha tangu mvua, na mengine hayajaletwa. Kisha akasema maneno ambayo niliyasikiliza kwa makini, maana yaligusa picha yetu ya ukutani.

"Tungwa lina lake. Fizi na ngozi hutaka ule ukali wa tunda bichi, na hapo mtunga haulifikii, hasa ukishapikwa. Lakini mato hutaka kingine, na hicho kimo katika majani ya kijani iliyokoza. Kwa mato, ukinywa matungwa kikapu kizima hupati kilichomo katika sahani moja ya mtunga. Na damu pia, kwa mwenye mimba, majani yana zaidi. Ila hayatoi kitu bila mafuta. Ulipika na nini?"

"Samli ya Maryan."

"Basi hiyo nayo ilifanya kazi." Akamtazama, na sasa hakucheka. "Endelea na vyote viwili. Na usiyakamue ukayanywa mabichi, si lazima ujitese. Pika, maji yasiwe mengi, samli ujaze kijiko. Kula hata usipotaka."

"Yatarudi lini?"

"Sijui, mwanangu. Kula."

Tulikula sote. Nyevu alisema hataki kuteseka peke yake, kwa hiyo mimi na Kache tulikula mchunga asubuhi na jioni mpaka maji ya kunywa yakawa matamu ulimini. Mpunga uligeuka rangi ya majani makavu. Kila jua likitua Nyevu alikaa mkekani akingoja, mikono juu ya tumbo, nami sikumuuliza kitu. Nilijifunza kukaa karibu na mtu bila kuuliza. Siku hizi nakaa hivyo tena, kando ya nafasi yake.

Mama yake alikuja kwa mtumbwi kabla sisi hatujajua kama tumeshinda. Alifika alasiri akitembea kutoka ukingoni, akichechemea kidogo, na kikapu tupu kichwani cha kubebea nguo za binti yake. Mkwe wangu alikuwa mfupi, mkavu, mwenye sauti isiyopanda. Kwa desturi yetu hatukutazamana usoni. Alisema nami akiangalia kinu.

"Baba, nimekuja kumchukua mtoto wangu."

"Karibu, mama. Pumzika kwanza."

"Nitapumzika. Sihitaji kuambiwa anaona au haoni. Nitakaa hapa mpaka giza, nione mwenyewe."

Nyevu alimletea maji, akamwamkia, akakaa naye mkekani. Wakaongea habari za ndege waharibifu, za nani kaolewa Ozi. Kwaheri ya jua ilikuwa ndefu siku ile. Mwanga ulitoka kwanza chini ya migomba, kisha uani, kisha ukabaki juu ya mto peke yake, na maneno yao yakapungua pamoja nao. Mimi nilikaa mlangoni. Nilianza kuhesabu vitu ambavyo bado naviona mwenyewe, nikaacha.

Mama alikuwa akisugua wayo wake kwa mbali, bila kufikiri.

"Umechomwa," Nyevu akasema.

"Si kitu. Vumbi."

"Lete mguu."

Kache akainuka. "Nawasha koroboi."

"Acha," Nyevu akasema. Alipeleka mkono kwenye makuti ya paa, ambapo sindano ilichomekwa na uzi wake, akaichomoa bila kupapasa. Akaupakata mguu wa mama yake juu ya magoti, tumbo likimzuia, akaugeuza kuelekea kile kimwanga cha mwisho. Nilimwona mama amekaza taya, na sikujua kama ni kwa sindano.

"Mwiba umekatika ndani," Nyevu akasema. "Vumilia kidogo. Huu hapa."

Akautoa, akauweka kiganjani mwa mama yake. Ulikuwa mwiba wa mgunga, ncha tu, mdogo kuliko punje ya mchele. Mama akakisogeza kiganja karibu na uso wake. Akakisogeza zaidi. Akakigeuza huku na huku.

"Uko wapi?"

"Huo hapo, mama. Karibu na kidole cha pete."

Mama akakunja mkono. Mtoni kulisikika kasia la mtu anayechelewa. Kisha akasema, akiangalia upande wa kinu ambacho kilikuwa hakionekani tena, "Nitalala hapa leo. Kesho nitarudi kwangu na kikapu changu. Ndege wanakula mpunga wangu."

"Ndiyo, mama," nikasema.

Kache akauliza kama sasa anaweza kuwasha taa.

"Ngoja kidogo," Nyevu akasema. Alikuwa bado ameushika ule mguu. "Namtazama mama."